Samaki Mgeni na Chambo cha Juu ya Maji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu la Singida, nayo yachapwa hapa kwa ombi lao.)



Tumepewa nafasi ya jioni hii tuseme juu ya mchezo wa kuvua samaki kwa mshipi katika maji yenye majani mazito. Pengine wako wenzetu watakaouliza: makarani wana shughuli gani na uvuvi? Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, vyama vya namna hii tangu asili havikuwa vya mishahara na malalamiko tu. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, walitaka pia watu wa kalamu wapate mahali pa kukutana baada ya kazi na kuongeza maarifa yao. Pili, jambo la uvuvi sasa limekuwa jambo la fedha za chama, na tena la maji ya watu wengine.

Wote mmesikia shauri lililotolewa. Wanachama kadhaa wapenda tuchange fedha, tulete vifaranga vya samaki aitwaye besi kutoka Naivasha katika nchi ya Kenya, tuwatie katika bwawa mojawapo lililo karibu nasi, na wakisha kuzaana tuwapeleke ziwa Kitangiri. Wasema tutapata mchezo mzuri siku za mapumziko, na wageni wenye fedha watakuja kuvua. Shauri hili litapigiwa kura katika mkutano ujao. Basi twaona yafaa kila mmoja wetu ajue kabla ya siku hiyo samaki huyu ni nani, huvuliwaje, na hufanya nini akiingia katika nyumba isiyo yake. Wenye shauri hatuwabezi. Wanayoyasema juu ya uzuri wa mchezo ni kweli, nasi twaanza kwa kuyathibitisha.

SAMAKI MWENYEWE

Besi tunayemtaja ni yule mwenye kinywa kikubwa, na asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Mgongo wake ni wa kijani kibichi, ubavuni ana mstari mweusi toka kichwani hata mkiani, na tumbo lake ni jeupe. Kinywa chake hupasuka hata kupita jicho, na ndipo jina lake lilipotoka. Mkubwa kupita wote waliopata kuandikwa kwa mshipi alivuliwa na George Perry katika jimbo la Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932. Uzito wake ulikuwa ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na zaidi kidogo. Miaka 77 ilipita kabla hajatokea mwenzake: mwezi wa Julai 2009 Manabu Kurita alimvua wa uzito kama ule katika ziwa Biwa, Japani. Lakini hao ni wafalme. Watu wa kawaida huwavua wa ratili mbili tatu, nao huridhika.

Besi ni mwindaji wa kuvizia. Hapendi kukimbiza windo mbali kama afanyavyo mbwa. Hukaa kama paka nyuma ya mlango. Huchagua mahali penye kivuli, chini ya majani ya mayungiyungi, au kando ya matete, au chini ya gogo lililolala majini, akatulia kimya. Macho yake huona vizuri kilicho juu yake, kwa kuwa kila kitu kipitacho juu ya maji huonekana cheusi mbele ya nuru ya mbingu. Akiona chura, au mdudu aliyeanguka, au samaki mdogo, au hata kifaranga cha ndege, hujirusha mara moja, akafumbua kinywa kwa ghafula, na maji yakaingia kwa nguvu pamoja na windo. Kwa hiyo mtu asikiapo mshindo ule juu ya maji hudhani jiwe limetupwa.

KWA NINI MAJANI?

Yapasa kuelewa jambo hili, maana ndilo msingi wa mchezo wote, na tutalirudia tutakaposema juu ya Kitangiri. Majani ya majini ni nyumba. Wadudu huishi katika mashina yake. Samaki wadogo huja kula wadudu na kujificha. Na mwindaji huja kwa ajili ya samaki wadogo. Tena majani mabichi, jua likiwaka, hutoa hewa safi ndani ya maji, nayo ndiyo samaki huivuta kwa mashavu yake. Lakini usiku majani yale yale huitumia hewa, na majani yaliyokufa na kuoza huimaliza kabisa. Kwa sababu hiyo mvuvi mjuzi hatupi mshipi wake katikati ya zulia zee lililooza na kunuka. Hutafuta ukingo wa majani mabichi, au tundu dogo katikati yake, au mahali aina mbili za majani zinapokutana, kwa mfano matete na mayungiyungi. Hapo ndipo penye njia ya samaki.

Wakati ulio bora ni alfajiri kabla jua halijapanda, na jioni likishuka, na siku za mawingu. Mchana wa jua kali samaki hujiingiza ndani kabisa ya kivuli. Huweza kuvuliwa, walakini kwa kazi kubwa zaidi.

CHAMBO CHA KUELEA

Husimuliwa kwamba mtu mmoja wa Dowagiac, katika jimbo la Michigan, jina lake James Heddon, aliyekuwa mfuga nyuki, alikuwa akimngoja rafiki yake kando ya maji huku akichonga kijiti. Alipokitupa kijiti kile majini, besi akakirukia. Heddon akawaza: ikiwa samaki hupiga kijiti kisicho na ndoana, je, chenye ndoana? Mwisho wa karne ya 19 alichonga vyura vya mti kwa mkono wake, na mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba yake ikawa kiwanda cha chambo bandia. Ikiwa kisa hiki kimetiwa chumvi au hakikutiwa, kiwanda kilikuwapo kweli, na chambo chake kikaenea duniani.

Chambo cha kuelea kina namna nyingi. Kiko cha mti kilicho kama sigara, ambacho mvuvi akikitikisa huenda kushoto na kuume kama mlevi arudiye nyumbani. Kiko chenye uso uliochimbwa kama kikombe, nacho kikivutwa hububujisha maji na kutoa sauti. Vyote viwili ni vizuri katika maji meupe, lakini katika majani mazito havifai kitu, kwa kuwa ndoana zake huning'inia chini na kushika kila shina lipitalo.

Kwa majani mazito kumebuniwa chura wa mpira. Mwili wake ni laini, tena ndani mna uwazi. Ndoana zake mbili zimelala juu ya mgongo, ncha zikiegemea mpira wenyewe, hata majani hayazioni. Chura huyu huweza kuvutwa juu ya zulia la majani asishike hata jani moja. Samaki akimuuma, mpira hubonyea, na ncha za ndoana hutokeza. Ni kazi ya akili sana, nasi twaisifu.

Chombo cha pili ni mshipi. Ule wa nailoni wa kawaida hunyumbuka; samaki akiwa mbali ndani ya majani, mvuvi huvuta na mshipi hurefuka tu, na ndoana haiingii. Kwa hiyo hutumika mshipi wa kusokotwa usionyumbuka, wenye nguvu nyingi kuliko uzito wa samaki yeyote atarajiwaye, maana mshipi huo hauvuti samaki peke yake; humvuta pamoja na mzigo wa majani, na mara nyingine hulazimika kukata mashina kama kisu. Chombo cha tatu ni ufito wa kuvulia, nao uwe mgumu, wenye mgongo.

NAMNA YA KUVUA

Mvuvi hutupa chura mbele ya tundu, wala si ndani yake, ili asiwashtue walio chini. Humvuta polepole juu ya majani, akimtikisa kidogo kidogo kama chura wa kweli ajikokotaye. Akifika ukingoni mwa tundu humwangusha majini, kisha humwacha. Na hapa ndipo watu wengi washindwapo. Kumwacha maana yake ni kumwacha: mkono utulie, mawimbi madogo yaliyofanyika yaishe yote, na bado mtu angoje. Aghalabu besi hupiga wakati ule chura amekaa kimya, mvuvi naye amekwisha kukata tamaa.

Sasa maji yapasuka, na moyo warukaruka. Mtu asiyefundishwa huvuta mara moja, na chura humrudia usoni bila samaki. Besi alikuwa bado hajafunga kinywa, au amelishika jani pamoja na chura na angali akigeuka. Mafundisho ya wajuzi ni haya: ukisikia mshindo usifanye neno. Hesabu moja, mbili. Ukiuona mshipi unakwenda, au ukiuhisi uzito, ndipo uvute kwa nguvu zako zote. Na ukisha kumshika usimpe nafasi ya kuelekeza kichwa chini, kwa kuwa akizunguka mashina mara mbili amekwisha kukushinda. Kichwa chake kikae juu, ateleze juu ya majani mpaka mtumbwini.

Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo twaisema kila siku ofisini, lakini hapa mtu huilipia papo hapo, wala hapana wa kumlalamikia.

YALIYOTOKEA NAIVASHA

Hadi hapa wenye shauri wametusikia kwa furaha. Sasa twaomba watusikie kwa subira.

Ziwa Naivasha li katika Bonde la Ufa, mita kama 1,890 juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni matamu ingawa hapana mto utokao uonekanao kwa macho. Besi alitiwa humo mwaka 1929, kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Kabla yake, mwaka 1925, alikuwa ametiwa perege mmoja kutoka mito ya Kenya, ndipo akaja besi akiwa mlaji. Palikuwamo pia samaki mdogo mwenyeji wa ziwa lile, ambaye wataalamu humwita Aplocheilichthys antinorii. Samaki huyo aliandikwa kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Tangu hapo hakuonekana tena ziwani.

Mambo hayakukoma hapo. Katika miaka ya 1960 gugu geni liitwalo salvinia, lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilienea juu ya maji. Mwaka 1970 akatiwa kamba wa maji matamu aitwaye kamba wa Louisiana, kwa nia ya biashara. Kamba huyo alikula majani ya chini ya maji hata yakatoweka katika sehemu kubwa za ziwa. Na besi mkubwa akamfanya kamba huyo kuwa chakula chake. Mwaka 1988 likaonekana gugu maji lenye maua ya zambarau, ambalo ndugu zetu wa Mwanza walijua vizuri. Mwaka 2001 hali ya samaki ikawa mbaya hata uvuvi wa biashara ukafungwa kwa mwaka mmoja. Na katika miaka hiyo hiyo akaonekana samaki mwingine mgeni, karpi, ambaye baada ya muda mfupi ndiye aliyejaa katika nyavu, na besi na perege wakawa wachache mbele yake.

Tunasema haya yote si kwa kumlaumu besi kwa kila ovu. Gugu hakulileta yeye, wala kamba, wala karpi. Lakini angalieni mpango wa mambo: walioletwa kwa makusudi waliletwa kwa sababu njema, na kila mgeni aliwabadilishia kazi waliokuwamo. Aliyemleta besi hakujua kwamba atakuja kamba. Aliyemleta kamba hakujua kwamba majani yatakwisha. Ziwa si jalada la ofisi, ambalo barua iliyowekwa kwa makosa huondolewa ikatiwa mahali pake. Maji yakimwagika hayazoleki, na samaki aliyezaa ziwani hakusanyiki.

SANGARA NA FURU

Mfano wa pili u karibu nasi zaidi. Sangara aliingizwa katika ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, kisha tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi hakuonekana kufanya jambo kubwa, hata watu wakasema hapana neno. Ilipofika miaka ya 1980 alizidi ghafula, na furu, wale samaki wadogo wa namna mamia waliokuwa hawapatikani po pote pengine duniani, wakapungua vibaya; namna nyingi zikatoweka kabisa. Yapasa tuwe waadilifu: sangara aliwapa watu kazi, viwanda vikajengwa Mwanza na mahali pengine, na minofu yake ikapelekwa ng'ambo. Wako waliopata nyumba kwa sababu yake. Lakini furu aliyekuwa kitoweo cha maskini hakurudishwa na viwanda hivyo, na miaka ya kimya iliyotangulia haikuwa ushahidi wa usalama. Huu ndio mfano wa kuwajibu wasemao, Tumtie bwawani kwanza, tuone.

MAJI YETU

Sasa turudi nyumbani. Singida haina maji mengi. Mvua ni ya msimu mmoja, na maziwa yetu hupanuka na kusinyaa kama mvukuto wa mhunzi. Singidani na Kindai, yaliyo kando ya mji, ni maziwa ya chumvi: maji huingia, hayana pa kutokea, jua huyanywa na chumvi hubaki. Besi ni samaki wa maji matamu; huko hatuna la kubishana.

Ubishi ni juu ya Kitangiri. Ziwa hilo ni la kina kifupi. Maji yake huletwa na Wembere, mto wa mbuga kubwa ya majani na ndege, na yakizidi hutoka kwa mto Sibiti kwenda ziwa Eyasi. Fikirini basi ramani hii. Bwawa likijaa mvua za masika hufurika. Maji yake hufuata vijito, na vijito hufuata mabonde. Mwenye kumtia samaki mahali pamoja katika mpango kama huu ameufungua mlango wa nyumba nzima, wala si wa chumba kimoja.

Na ndani ya nyumba hiyo kuna nani? Kuna kambare, na kuna perege. Miongoni mwa perege wa maji haya yuko mmoja ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas. Yeye hukaa katika maziwa ya magadi na chumvi ya bara yetu, kama vile Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida, wala hapatikani nje ya Tanzania. Samaki huyo haandikwi katika magazeti ya wavuvi wa mchezo, kwa kuwa hamrukii chura wa mpira. Perege ni mla vitu vidogo vya kijani na matope ya majini. Ukimtupia chambo cha Heddon toka asubuhi hata jioni atakupita kama mtu apitaye dukani asiye na haja ya kununua.

Tazameni pia jinsi azaavyo. Mama huchukua mayai kinywani mwake, akayalea humo, na watoto wakisha kutoka hukimbilia maji mafupi yenye majani kandokando. Hapo tukumbuke tulilosema kwanza: besi hukaa wapi? Hukaa kandokando, katika majani, akitazama juu. Basi tutakuwa tumemweka mwindaji katika mlango wa chumba cha watoto, tena watoto ambao hawakupata kumjua adui wa namna yake. Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu ni mgeni ambaye mwenyeji haponi kwake.

Watu wa ufuoni, Wanyiramba, Wasukuma na wengineo, hawavui kwa mchezo. Samaki wa ukingo ule hukaushwa, huuzwa minadani, hununuliwa daftari za watoto shuleni. Sisi tuna mshahara mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Hao hawana. Je, ni haki watu wenye mshahara watie mkono katika sufuria ya wasio nao, kwa ajili ya furaha ya Jumamosi?

Tena kuna sheria, na sisi ndio tuandikao vibali vya watu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake hazimwachii mtu kuleta samaki hai wa kigeni na kuwatia majini kwa hiari yake pasipo ruhusa. Karani anayemdai mvuvi leseni yake mezani, kisha usiku akabeba ndoo ya vifaranga, atasema nini akiulizwa?

WAGENI WENYE FEDHA

Wenye shauri husema juu ya wageni. Twawajibu kwa ufupi. Naivasha iko karibu na Nairobi, kwenye barabara kuu, na hoteli zimejengwa huko kwa miaka mingi kwa sababu nyingi, na besi ni moja tu kati yake. Mgeni apendaye besi hawezi kuipita Naivasha, na Afrika ya Kusini ambako besi alitiwa mwaka 1928, na Zimbabwe ambako alitiwa mwaka 1932, aje kumtafuta katika ziwa ambalo mwaka wa ukame hupungua hata mitumbwi ikakaa juu ya matope. Lakini mgeni apendaye kuona ndege wa Wembere, au samaki asiyepatikana penginepo, huyo hana pa kwenda ila kwetu. Tukitaka kuuza, tuuze kile ambacho jirani hana.

TUNALOLIOMBA

Tusidhaniwe kwamba tunaupinga mchezo. Tunataka maarifa yake yaje, samaki wake abaki aliko. Kwa hiyo twaleta shauri letu lenye vifungu vinne.

Kwanza, chama kisichange fedha za kuleta besi, wala kwa bwawa wala kwa ziwa.

Pili, sehemu ya fedha hizo inunue mishipi ya kusokotwa, ndoana na fito chache za matumizi ya pamoja, na wanaotaka kuvua wapate leseni kama raia wengine. Yule tutakayemfuata ni kambare. Maarifa ya majani tuliyoyaeleza yatatufaa kwake, ila kwa mabadiliko. Kambare hawindi kwa macho sana. Hupapasa kwa ndevu zake, hasa usiku na maji yakiwa machafu. Kwa hiyo chambo cha kuelea kisicho na harufu hakimhusu. Atiwe minyoo au kipande cha nyama, ncha ya ndoana ifichwe ndani ya chambo ili isishike majani, na chambo kishushwe katika tundu au ukingoni, karibu na matope. Naye huja juu kuvuta hewa ya nje, kwa hiyo mapovu na mduara wa maji humtangaza mahali alipo. Akiuma, hesabu ile ile ya moja, mbili; akishikwa, kichwa juu kwa haraka, maana naye hujiviringisha katika mashina. Na ashikwe kwa uangalifu, kwa kuwa mapezi yake ya mbele yana miiba.

Tatu, wavuaji wote waulize wenyeji kabla ya kuingia katika matete, kama pana kiboko au mamba. Wala wasiingie majini miguu mitupu: konokono wachukuao kichocho hukaa katika majani hayo hayo ya kandokando tunayoyasifu. Kuvua kwafaa kufanywe katika mtumbwi au kutoka nchi kavu.

Nne, wanachama wenye nafasi wajitolee kuwasaidia wavuvi wa Kitangiri katika kazi tuijuayo sisi, yaani kusoma kanuni, kuandika barua, na kutunza daftari za vikundi vyao vya kulinda ziwa. Adui wa perege aliyeko sasa ni kokoro livutwalo ukingoni na nyavu zenye matundu madogo, vitu ambavyo huzoa watoto pamoja na wazazi. Mvuvi aliye na daftari nzuri ya samaki waliovuliwa mwezi kwa mwezi aweza kuonyesha hasara hiyo mbele ya mkubwa ye yote. Asiye nayo hubaki na malalamiko tu.

Na mwanachama apatapo likizo akasafiri hadi Kenya, twamwomba aende Naivasha, alipe ada ya mahali, amtupe chura wake kando ya mafunjo alfajiri, ahesabu moja, mbili, kisha aje atusimulie. Besi wa huko amekwisha kuwa mwenyeji. Kumvua si dhambi.

Bwana Mwenyekiti, yako maswali, nasi tu tayari kuyajibu kadiri tuwezavyo. Kura itapigwa mkutano ujao, na orodha ya waliohudhuria itatiwa katika kitabu cha chama kama desturi. Twawaomba wanachama wote waje, wenye shauri na wenye kulipinga, kwa maana jambo hili likipita halina mkutano wa kulitangua.